Nukta Mbili Zinapofungua Mlango: Umbo na Maana katika Usalama wa Tarakilishi

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu hufunzwa mapema kwamba umbo la neno si maana yake, na kwamba maana moja yaweza kubebwa na maumbo kadha. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa ukweli huo, ukipuuzwa na waunda programu, huzaa mojawapo ya dosari kongwe za usalama katika intaneti.

Dosari yenyewe

Seva huhifadhi kurasa za umma katika folda maalumu. Msomaji aandikapo anwani, programu ya seva huigeuza kuwa njia ya kuifikia faili fulani. Katika njia hiyo, nukta mbili baina ya mikwaju, yaani "/../", humaanisha "rudi katika folda ya juu". Mtu akizirudia mara kadha, aweza kutoka nje ya folda ya umma na kusoma faili asizokusudiwa kuziona, kama vile orodha ya watumiaji wa seva au faili za mipangilio zenye nywila. Kwa hiyo, programu huwekewa ukaguzi wa kuzikataa nukta hizo.

Hata hivyo, kanuni za anwani huruhusu herufi iandikwe kwa alama ya asilimia na msimbo wake. Nukta, kwa mfano, yaweza kuandikwa "%2e". Basi ".." na ".%2e" ni maumbo mawili ya maana moja.

Tuchukue mfano wa bawabu aliyeagizwa kuzuia kila barua yenye neno "hazina", naye anasoma hati za Kirumi pekee. Barua ikija na neno lilo hilo kwa hati za Kiarabu, zilizotumiwa na waandishi wa Kiswahili wa Pwani kwa karne kadha, bawabu huipitisha. Ndani yupo karani azisomaye hati zote mbili. Yeye huisoma barua, akaelewa, akaifungua hazina. Bawabu hakulala wala karani hakuasi. Tatizo ni kwamba wawili hao hawakuisoma barua kwa namna moja.

Kisa cha Apache

Mnamo Septemba 2021, programu ya seva ya Apache ilitolewa katika toleo la 2.4.49, likiwa na mabadiliko katika sehemu inayosawazisha anwani. Sehemu hiyo iliitambua "..", lakini ikaipitisha ".%2e". Seva ambazo mipangilio yake ilikataza faili zote zilizo nje ya folda za umma zilisalimika. Zisizokuwa na katazo hilo zilibaki wazi. Palipowezeshwa programu za CGI, mvamizi aliweza hata kuendesha amri zake ndani ya seva.

Toleo la 2.4.50 lilitolewa mapema Oktoba ili kurekebisha kosa hilo. Wavamizi wakaandika "%%32%65". Humo, "%32" ni tarakimu 2 na "%65" ni herufi e. Usomaji wa kwanza huzaa "%2e", na wa pili huzaa nukta. Ukaguzi ulifanywa kabla ya usomaji wa pili. Ikabidi toleo la 2.4.51 litolewe siku chache baadaye.

Jambo hili halikuwa geni. Mwaka wa 2000, seva ya IIS ya Microsoft ilidanganywa kwa mkwaju ulioandikwa kwa msimbo usio wa kawaida, na Septemba 2001 kirusi cha Nimda kiliitumia dosari hiyo, miongoni mwa njia nyingine, kuenea duniani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa uliozibwa nusu ungali ufa.

Hitimisho

Tunajifunza kwamba orodha ya maumbo yaliyokatazwa haitoshi, kwani maumbo hayaishi. Ipasavyo, anwani ifasiriwe kikamilifu, mara moja tu, kisha iulizwe: njia hii inaishia wapi? Ikiishia nje ya folda ya umma, ikataliwe, vyovyote ilivyoandikwa. Idara zetu zinapoweka tasnifu na kumbukumbu za wanafunzi katika seva, swali hili si la wanatarakilishi peke yao. Kufasiri kabla ya kuhukumu ni kanuni ambayo mwanalugha amekuwa nayo siku zote.