Mtu aliyeuliza jani linapata wapi nguvu

Kila msimu wa maharagi ulizo ni lile lile: "Nimetia mbolea, nimepalilia, lakini majani yanageuka manjano. Juu ya nini?" Sehemu moja ya jibu ilitoka kwa Daniel Arnon. Alizaliwa Warsaw, Polandi, mwaka 1910, akaenda kusoma California, akabaki kufundisha na kuchunguza pale Universite ya Berkeley.

Mwalimu wake, Dennis Hoagland, alikuwa anaotesha mimea ndani ya maji yenye chumvi za udongo. Namna hiyo unajua kabisa mmea unakula nini. Mwaka 1939 Arnon na mwenzake Perry Stout walisafisha yale maji sana, na nyanya zikaanza kuwa na mabaka, majani yakajikunja. Wakaongeza madini yanayoitwa molibdeni, sehemu moja tu katika milioni 100 ya maji. Nyanya zikapona. Kidogo namna ile!

Kwa sisi jambo hili linagusa zaidi maharagi na soya, sababu vifundo vya mizizi vinahitaji molibdeni ili kukamata azoti ya hewani. Udongo wenye asidi unaifungia molibdeni, mizizi haiifikii. Ndiyo maana chokaa au majivu inaweza kusaidia shamba ambalo gunia la NPK limeshindwa. (Lakini tusimwage ovyo: kama agronome yuko karibu, apime udongo kwanza.)

Wakati wa vita Arnon alikuwa askari kule Pasifiki, akawalimia wenzake mboga ndani ya changarawe. Aliporudi akachukua ulizo kubwa zaidi. Kila kitu chenye uhai kinatumia ATP, ambayo ni kama franka ya mfukoni: nguvu iliyo tayari kutumika. Je, jani linaitengeneza kwa jua lenyewe? Mwaka 1954, pamoja na Mary Belle Allen na F. R. Whatley, alisaga majani ya spinachi, akatenga kloroplasti, zile punje za kijani, akaziwashia taa. Zikatengeneza ATP peke yake, bila msaada wa sehemu nyingine ya jani.

Marekani ilimpa medali ya taifa ya sayansi mwaka 1973, alikufa 1994.

Basi mama anayepanda mahindi yakibanana, ajue: yale ya chini yaliyokosa mwanga hayana franka mfukoni, hata akiyamwagia mbolea mara mbili.