Mlango wazi wa Wafilipino: unatoka wapi, na nani anaulipa?

Sisi wa agronomia Ufilipino tuliijua kupitia mchele. Profesa anataja Los Baños, anataja IRRI, ile taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoanzishwa kule 1960, anataja IR8 ya 1966, mbegu ya shina fupi yenye kubeba mavuno mengi bila kulala chini. Halafu anafuta ubao. Watu wenye kulima ule mpunga hatuwasikii.

Wale wenye kuwa na ndugu Dubai ao Roma wanaleta habari ingine: katika parokia, Wafilipino njo wenye kukaribisha watu. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: "Wana roho nzuri." Sawa, lakini roho nzuri iko kila fasi. Ukarimu wa wale watu umepangwa, kama vile maji ya shamba la mpunga yanavyopangwa, na mtu akitaka anaweza kufuata mfereji mpaka chanzo.

Tuanze nyumbani. Mtu akipita mkiwa mnakula, mnamwambia "kain tayo", yaani tukule, hata kama sahani ni ndogo. Kijana akimkuta mzee, anachukua mkono wa yule mzee na kuugusisha paji la uso wake mwenyewe ili apate baraka, wanaita mano. Kaka mkubwa ni kuya, dada mkubwa ni ate, kama sisi tunavyosema yaya. Na majina hayo hayabaki mu damu tu: dereva anaitwa kuya, mama wa mboga sokoni anaitwa ate. Mgeni akikaa wiki moja, tayari ana wakubwa na wadogo.

Halafu Kanisa linaingia, na hapa inaomba tukae kidogo. Imani ya Kikatoliki ilifika pamoja na Wahispania 1521, na katika sensa ya 2020 Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 79 ya watu wote. Wahispania walileta pia desturi ya wazazi wa ubatizo, lakini Wafilipino waliipanua sana. Kwetu mtoto anapata parrain mmoja ao marraine mmoja, basi. Kule mtoto anaweza kusimamiwa na watu kumi na zaidi: wanaume wanaitwa ninong, wanawake ninang. Na jambo kubwa haliko kwa mtoto. Kuanzia siku ile, wazazi na wasimamizi wanaitana kumpare na kumare; watu wazima wenyewe wamekuwa ndugu. Kwenye ndoa wanaongeza wengine tena. Fanya hesabu: familia yenye watoto wanne, baada ya miaka ishirini, imefungamana na nusu ya parokia. Kwa hiyo yule unayemuona akipokelewa kwa furaha kwenye mlango, mara nyingi siyo mgeni kabisa. Ugeni wake ulikwisha kwenye maji ya ubatizo wa mtoto fulani.

Wanasiasa nao wanajua hesabu hiyo. Wanakubali kuwa ninong wa ndoa nyingi, juu kila ndoa ni ukoo wenye kupiga kura. Kule, kupata kazi kwa kupitia mtu mkubwa wanakuita "padrino", na neno hilo lilitoka palepale kwenye ubatizo. Sisi tunasema "kuwa na mtu". Mfereji uleule unaweza kunywesha shamba ao kuliharibu.

Kalenda yao inanifurahisha kama mtu wa udongo. Kuanzia tarehe 16 mpaka 24 Desemba wanasali Simbang Gabi, misa tisa kabla ya jua kutoka. Maelezo ya kawaida ni kwamba saa ile iliwekwa ili wakulima wasali kwanza, halafu waende shambani. Nje ya kanisa kuna bibingka, keki ya mchele yenye kuokwa na makaa chini na juu, na puto bumbong ya rangi ya zambarau. Watu hawakimbii nyumbani misa ikiisha. Tarehe 15 Mei, sikukuu ya San Isidro, msimamizi wa wakulima, mji wa Lucban unavalisha nyumba zake mavuno: masuke ya mpunga, mboga, matunda, na majani ya rangi yaliyotengenezwa kwa unga wa mchele. Siku ya fiesta unaweza kuingia nyumba ya mtu usiyemjua na ukapewa sahani. Wengine wanakopa ili ile sahani isikose.

Mwaka 1986, mwezi wa pili, desturi hiyo ilitoka nyumbani ikaingia barabarani. Askari waliokuwa wameasi utawala wa Marcos walijifungia mu kambi Manila. Kardinali Jaime Sin aliomba watu kupitia Radio Veritas wawaunge mkono na wawapelekee chakula. Watu walikuja kwa wingi na mkate, wali na rozari, wakasimama mbele ya vifaru. Siku ya nne Marcos alikimbia nchi.

Sasa tuje kwa bei. Wana neno utang na loob, deni la ndani, lile ambalo pesa haziwezi kulimaliza. Mtoto analo kwa wazazi, mwenye kusomeshwa analo kwa ninong aliyelipa minervali. Mtoto wa kwanza akipata diploma, wadogo wote wanamtazama. Ndiyo maana wengi wanatoka nchini. Pesa zenye kurudi nyumbani zinapita dola miliari 30 kwa mwaka, pamoja na yale makartoni makubwa ya sabuni, viatu na nyama ya mkebe yenye kusafiri kwa meli. Vijana wa kule wanabishana waziwazi: mtoto ni zawadi, ao ni mradi wa kustaafu? Mimi sioni kama wanaoliuliza swali hilo wameacha adabu. Wengi wao wanauliza wakiwa wametuma tayari pesa za mwezi.

Mwanamke Mfilipino aliyefanya lisansi anaweza kuwa Roma, anapiga pasi na kulea watoto wa watu ambao labda hawajui jina lake la ukoo. Siku ya mungu anafika parokia na sufuria ya pancit mkononi, vijana wanagusisha mkono wake kwenye paji la uso, na kutoka mlangoni mpaka benchi la mbele kila mtu anamwita ate.