Kasualti ipi? Hesabu ya mgonjwa wa Chepsaita

Mgonjwa akizidiwa usiku huku Chepsaita, swali la kwanza nyumbani ni gari la nani litampeleka. La pili ni hospitali ipi. Turbo kuna hospitali ya kaunti ndogo. Ukiendelea na barabara kuu kama kilomita 35 unafika Eldoret, kwenye Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na hospitali kadhaa za kibinafsi. Wengi huchagua kwa jina au kwa bei. Mimi nashikilia kwamba tuchague kwa hali ya mgonjwa, maana hiyo ndiyo inayoamua atakaa kwenye benchi muda gani na mtalipa nini.

Tuanze na hospitali ya Moi. Ilianza mwaka 1917 ikiwa na vitanda 60, na leo ni ya kiwango cha 6, inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka magharibi yote ya Kenya. Mtoto wako mwenye homa atakaa chumba kimoja na waliogongwa na lori. Ukitazama vizuri, watu hawaitwi kwa mpangilio wa kufika. Muuguzi wa mapokezi humfunga mgonjwa mkanda wa presha mkononi, humbana kidole kwa kifaa cha kupima oksijeni, huhesabu pumzi, kisha humpanga kwa uzito wa hali yake. Kipimo cha Afrika Kusini, ambacho hospitali nyingi barani hutumia, kina rangi: mwekundu ahudumiwe papo hapo, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa manjano ndani ya saa moja, wa kijani ndani ya saa 4. Hayo ni malengo tu, na yanahitaji watu wa kuyatimiza. Madaktari wa umma walipogoma kuanzia Machi hadi Mei 2024, hata malengo yenyewe hayakuwa na maana.

Kwa hiyo mwenye kikohozi au jeraha dogo anayesafirishwa hadi Eldoret analipa nauli ili akawe wa kijani. Zahanati na vituo vya afya, yaani kiwango cha 2 na 3, humtibu bila malipo aliyesajiliwa na SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani bima ya afya ya taifa), na arudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kasoro ipo: dawa zikiisha unatumwa dukani, na usiku milango mingi imefungwa.

Hospitali ya kibinafsi inauza muda. Daktari wa zamu anakuona mapema, vipimo vinatoka haraka, na kwa mfupa uliovunjika au mtoto anayetapika usiku kucha hiyo ni huduma ya thamani. Lakini bingwa utakayemlipia mara nyingi ni yule yule anayehudumu pia katika hospitali ya umma. Kuna dipoziti kabla ya kulazwa, halafu kitanda, vipimo na dawa vinaongezeka kila siku, na SHA haifuti bili yote. Linaloniumiza zaidi ni familia inayouza ng'ombe kulipia siku za mwanzo, pesa zikakatika, mgonjwa akahamishiwa hospitali ya umma na kuanza foleni upya akiwa amedhoofika. Kabla ya kutoa dipoziti, uliza siku tano zitagharimu ngapi. Kama hamzimudu, nendeni hospitali ya umma moja kwa moja.

Mwekundu hana muda wa hesabu hiyo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaitoza hospitali inayoweza kumhudumia ikakataa faini ya hadi shilingi milioni 3. Miaka miwili kabla ya sheria hiyo, majeruhi mmoja Nairobi alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafariki. Mkidaiwa pesa kaunta kabla mgonjwa hajaguswa, semeni wazi kwamba ni dharura na mwiteni msimamizi wa zamu. Piga simu kabla ya kuondoka, uulize kama kuna oksijeni, daktari wa upasuaji na mashine ya CT. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa mgonjwa wa kiharusi hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo. Kumpitisha kwanza mahali pasipo na mashine hiyo ni kumpunguzia saa zake.

Wenzetu nao wanasubiri. Uingereza, ambako wauguzi wengi Wakenya wanafanya kazi, kasualti ni bure, lakini lengo la kuwamaliza wagonjwa 95 kati ya 100 ndani ya saa 4 halijafikiwa kitaifa tangu 2015. Marekani, sheria ya 1986 inazilazimu hospitali kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kuuliza pesa, ila bili inamfuata nyumbani.

Kwetu, SHA ilichukua nafasi ya bima ya awali, NHIF, Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, yaani shilingi 1,100 kwa mshahara wa 40,000. Mkulima au mwendesha boda hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja: 3,600. Panga malipo hayo wakati wa kuuza mahindi. Kujisajili ni *147# kwenye simu yoyote, na nyanya aliyeko nyumbani asajiliwe sasa, kitambulisho chake kikiwa mkononi.