Je, Wajua? Duathloni Haidai Bwawa

Je, wajua kwamba duathloni ni kukimbia, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia tena kwa miguu iliyokwisha kuwa mizito? Masafa ya kawaida ni kilomita 10, 40 na 5. Haidai bwawa la kuogelea, ndiyo maana naamini inawafaa vijana wa mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi. Watu watasema baiskeli ya mashindano ni ghali. Ni kweli, na kilomita 40 si haba. Hata hivyo Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara 4, alinolewa utotoni na David Kinjah huko Kikuyu, si mbali na Kawangware. Waandalizi wa mashindano, waazimeni vijana hawa baiskeli.