Walimu wako mtaani, madarasa hayana walimu: kwa nini ajira ya ualimu imekuwa ngumu?

Kila mwaka wahitimu wa ualimu wanatoka SAUT pale Malimbe na Chuo cha Ualimu Butimba, vyote jijini Mwanza. Wapo wanaoishia kufundisha tuisheni, kuendesha bodaboda au kuuza dagaa. Wakati huohuo, shule za vijijini na visiwani zinalia hazina walimu. Inakuwaje?

Tatizo ni bajeti

Shule kukosa mwalimu hakukupi wewe kazi. Serikali inaajiri kwa kibali, na kibali kinategemea bajeti ya mishahara.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto walifurika shuleni. Lakini mwaka huohuo ajira serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi. Zilipofunguliwa, walimu wa sayansi na hisabati walitangulizwa. Wa historia, jiografia na Kiswahili wakabaki kwenye foleni, huku vyuo vikiendelea kutoa wahitimu wapya.

Watu 14, nafasi moja

Kwenye usaili wa walimu ulioanza Januari 2025, waombaji 201,707 waligombea nafasi 14,648. Yaani karibu watu 14 kwa kila nafasi.

Utaratibu umebadilika

Zamani ulimaliza chuo ukapangiwa kituo. Baadaye ikawa kuomba kupitia mfumo wa TAMISEMI. Sasa unaomba kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, kisha unafanya usaili.

Hapa ndipo kuna mvutano. Aliyemaliza 2015 anapambana na aliyemaliza juzi, ambaye masomo bado yako kichwani. Umoja wa walimu wasio na ajira, NETO, umelalamikia hilo. Wanaotetea usaili wanasema unampa kila mtu nafasi sawa ya kuonyesha uwezo.

Ufanye nini sasa?

• Hakiki akaunti yako ya Ajira Portal: vyeti, namba ya NIDA na mkoa unaoishi. Usaili wa 2025 ulifanyika mikoani, hivyo anwani ya zamani inaweza kukugharimu nauli.

• Majina yakitofautiana kwenye vyeti, yarekebishe kisheria mapema. Usisubiri siku ya usaili.

• Rudia somo lako la kufundishia kila wiki, hata kama hakuna tangazo. Tuisheni inasaidia: unapata hela na somo halikutoki kichwani.

• Shule za binafsi za Ilemela na Nyamagana usizisubiri zitangaze. Peleka barua mwishoni mwa mwaka, kabla hazijafungua Januari.

• Una ujuzi wa ushonaji, kilimo, muziki au michezo? Uandike kwenye wasifu wako. Mkondo wa amali ulioanza 2024 unahitaji walimu wa vitendo.

• Kuomba kazi kwenye Ajira Portal ni bure. Anayekuomba hela akuingizie jina ni tapeli.

Kibali kijacho hujui kitatoka lini. Kikitoka, dirisha la maombi halikai wazi muda mrefu, kwa hiyo jiandae sasa.