Neno la Nyumba: Vibao vya Ukutani kwa Kiolezo na Uji wa Chaki

Pwani yetu ya kusini imezoea maandishi. Kanga tunayojifunga ina jina lake. Mashua zinazoegeshwa Mikindani na Msimbati zina majina ubavuni. Majirani zetu Waislamu hutundika maneno ya Mungu juu ya milango yao. Na katika nyumba za Kikristo, kuanzia Mtwara mjini hadi Kilambo kwenye kivuko cha mto Ruvuma, si ajabu kukuta kitambaa kilichotariziwa jina la Yesu au neno la kumkaribisha mgeni.

Desturi hii si ngeni katika Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, watu wa Mungu waliagizwa kuyaandika maneno yake kwenye miimo ya milango, na pia kuyazungumza na watoto wao nyumbani na safarini. Tuangalie jinsi mlango na watoto walivyotajwa pamoja. Neno la mlangoni liliwekwa kwa ajili ya wenye nyumba wenyewe, walikumbuke wanapotoka na wanapoingia.

Basi kabla ya kushika wembe na chaki, yafaa tujiulize: ni neno gani tunaweza kulitundika ukutani bila watoto wetu kutushangaa? Mtoto wa darasa la pili anayesoma UPENDO juu ya meza, kisha usiku akasikia baba na mama wakitukanana, anajifunza kwamba maneno ya Mungu ni mapambo tu. Hilo ni somo gumu kulifuta.

Ndiyo maana mwezi huu tumechagua kibao cha chaki. Neno lake huandikwa, likakaa wiki kadhaa, kisha likafutwa kwa kitambaa chenye maji na kuandikwa jingine. Familia haijifungi na maneno mengi kwa mara moja. Inachukua neno moja, inajaribu kuliishi, ndipo inaendelea.

KUKATA KIOLEZO

Kiolezo ni kipande cha plastiki au karatasi ngumu kilichokatwa umbo la herufi au ua. Ukipaka rangi juu yake, rangi hupita kwenye matundu tu. Wengi wetu tumekwisha kukiona kikifanya kazi: alama za magunia ya korosho hupigwa kwa kiolezo, na mafundi wa mabango huvitumia kila siku.

Plastiki nzuri ni ile ya jalada la faili, au picha ya zamani ya eksirei iliyolala kabatini. Plastiki haimezi maji, kwa hiyo kiolezo kimoja kikitunzwa kitatumika mara nyingi. Ukikosa plastiki, chukua karatasi ya manila na uisugue kwa mshumaa pande zote mbili ili nta iizuie isilowane. Hiyo haitadumu sana, lakini inafaa kwa kujifunzia.

Chora herufi kwa rula na penseli. Nabii Habakuki aliagizwa kuandika ujumbe wake waziwazi ili asomaye asipate taabu, na shauri hilo latufaa hata sisi. Herufi zenye urefu wa sentimita 5 husomeka vizuri kutoka mlangoni. Acha maua na vishada pembeni. Visije vikalimeza neno.

Sasa sikilizeni jambo linalowasumbua wanaoanza. Herufi kama O ina kisiwa katikati. Ukikata mzunguko wote, kisiwa kinadondoka, na utakachopata ni doa la duara. Hivyo ni lazima uache vijidaraja viwili vyembamba, vya milimita 4 hivi, vinavyokishika kisiwa. Herufi A, B, D, P na R ni vivyo hivyo. Kiswahili chetu kina A nyingi, kwa hiyo tuhesabu mapema. Neno BARAKA peke yake lina visiwa sita: viwili vya B, kimoja cha R na vitatu vya A. Neno UPENDO lina vitatu tu. Anayeanza na aanze na UPENDO.

Weka plastiki juu ya ubao wa zamani au kioo, kata kwa wembe mpya au kisu cha karatasi, na anza na sehemu ndogo za ndani kabla ya mzunguko wa nje. Wembe ukishakwisha makali, ufunge ndani ya karatasi nene kabla ya kuutupa, maana watoto huchezea jalalani.

KUPIKA UJI WA CHAKI

Chaki nyingi za shuleni hutokana na jasi, madini ambayo huchimbwa hata Kilwa, katika mkoa jirani wa Lindi. Hatuhitaji kitu cha dukani zaidi ya hizo chaki. Kinachozishikamanisha kinatoka jikoni, nacho ni muhogo.

Chukua kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo, ukoroge katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka usiwe na mabonge. Weka kwenye moto mdogo huku ukikoroga. Ukiwa mzito na kuanza kung'aa, epua, uache upoe kabisa.

Wakati huo, loweka vipande kumi vya chaki katika maji kidogo. Vikilainika, mwaga maji yaliyozidi na uvisage kwa mgongo wa kijiko. Njia hii ni bora kuliko kutwanga chaki kavu, kwa sababu vumbi haliruki likaingia kifuani mwako na mwa mtoto uliyembeba. Ongeza vijiko viwili vya uji wa muhogo, ukoroge, kisha chuja kwa kitambaa chepesi.

Uji ulio tayari ni mzito kama mtindi uliogandika vizuri. Ukiuinua kwa kijiko, tone linasita kabla ya kuanguka. Ukiwa mwepesi utapenya chini ya kiolezo na herufi zitavimba. Kama wataka rangi, tumia chaki za rangi. Tengeneza wa siku moja tu, maana kwa joto letu la pwani uji wa muhogo huchacha upesi.

Tunatoa onyo moja, na tunaomba lizingatiwe. Usitumie chokaa ya kujengea badala ya chaki. Chokaa mbichi huunguza ngozi, na ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Tena miaka ya 1990 uchimbaji wa matumbawe ya kuchomea chokaa uliiumiza sana pwani ya Mtwara, hata makazi ya samaki yakaharibika. Mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ili matumbawe na mikoko vipate kutunzwa. Vibao vyetu visirudishe madhara hayo.

KUTAYARISHA UBAO NA KUPAKA

Wengine hutaka kuandika ukutani moja kwa moja. Nyumba zilizo karibu na bahari zina kuta zenye chumvi, na rangi hubanduka baada ya muda. Ni afadhali ubao wa kutundika. Mwombe fundi seremala mabaki ya mbao au kipande cha plaiwudi. Piga msasa, kisha paka rangi nyeusi ya ubao wa shule mara mbili, ukiacha mkono wa kwanza ukauke vema. Mbao isiyopakwa rangi hunywa uji, na neno halitafutika tena. Rangi ikikauka, lalisha kipande cha chaki, sugua ubao wote, kisha ufute. Hapo ubao umezoeshwa.

Ulaze mezani, bandika kiolezo kwa selotepu, chota uji kidogo, na uupitishe kwa kipande cha plastiki kigumu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mkono uwe mwepesi na tabaka liwe jembamba. Inua kiolezo wima mara moja, kabla uji haujakauka. Pakitokea ukingo uliovimba, ungoje ukauke kidogo, uukwangue kwa njiti.

Osha kiolezo papo hapo kwa maji baridi, usisugue kwa nguvu penye vijidaraja. Kikaushe na kukihifadhi kimelala kati ya magazeti. Akina mama wa jumuiya moja wanaweza kugawana kazi: huyu akate UPENDO, yule KARIBU, mwingine AMANI, kisha waazimane. Kwa wembe mmoja mmoja tu, jumuiya nzima inapata hazina ya maneno.

NENO LA MSIMU

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Katika mkoa wetu kuna majira ambayo ndoa hupimwa. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, fedha ya mwaka mzima huingia kwa mkupuo. Mama amepalilia, ameokota na ameanika. Lakini ikiwa akaunti ni ya jina la baba peke yake, huenda asijue hata kiasi kilichopatikana. Nyumba ngapi zimenuniana mwezi wa Desemba, na kufika Februari mvua inanyesha, ghala ni tupu, na karo haijalipwa!

Maneno magumu ya fedha yakianza baada ya fedha kuingia, mara nyingi yanakuja na hasira. Kibao chaweza kuyaleta mapema, kwa upole. Tuseme jioni moja ya Septemba, baada ya chakula, mama anasema, "Baba Neema, watoto wanataka neno jipya la kibao. Mimi nimefikiria TUPANGE PAMOJA. Wewe waonaje?" Baba akikubali, wao wawili wamekwisha kuahidiana mbele ya watoto. Akiuliza maana yake, mlango wa mazungumzo umefunguka: karo kiasi gani, chakula cha masika kiasi gani, zaka, bati, na akiba ya ugonjwa. Si vibaya mahesabu yenyewe yakaandikwa kwa chaki nyuma ya ubao ule ule.

Neno hilo linamfunga mama pia. Asiyetaka baba afiche bei ya korosho, naye asifiche fedha ya upatu.

Hatusemi kwamba ubao unaponya kila ndoa. Palipo na kipigo, neno la ukutani halitoshi, na kulitundika ili wageni wasijue ni kujidhuru. Mama wa namna hiyo aende kwa wazee wa pande zote mbili, kwa mchungaji au padre, na hata Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kutafuta msaada si kuvunja ndoa.

Kwa wengine, anzeni na neno dogo. Msiseme nyumba yenu ina amani ikiwa haina. Andikeni TUSAMEHEANE, halafu kila mmoja aanze na kosa lake. Kwa majirani wa dini zote, KARIBU ni neno ambalo hakuna asiyelielewa, nalo linadai kwamba mgeni akifika, walau maji ya kunywa yawepo. Mtoto anayejifunza kusoma apewe zamu ya kuchagua neno na kulieleza. Mtashangaa atakavyowakumbusha.

Atakayependa kutengeneza vibao vya kuuza kwa harusi, ubatizo au kipaimara, aongeze gundi nyeupe ya mbao katika uji ili herufi zishike zaidi, na katika bei ahesabu mbao, rangi na saa zake za kazi. Akina mama wengi husahau saa zao.

Mwisho wa mwezi, kabla ya kulifuta neno, kaeni pamoja na kuulizana: tumeliishi? Likiwa bado, liacheni ukutani mwezi mwingine. Mungu azibariki kazi za mikono yenu, na awape nyumba zinazosomeka vizuri hata pasipo kibao.