Ombwe, Myuko na Ufukaji: Istilahi za Vijenzi vya Elektroniki Angani

Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake. Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka Marekani. Majina ya Kiswahili yamekwisha fika angani. Lakini hali ya vijenzi vilivyomo katika vyombo hivyo bado twaieleza kwa maneno yenye kupotosha.

Jambo hili lilitudhihirikia Ikwiriri, Rufiji, tulipomsomea fundi redio mmoja rasimu ya maelezo yetu. Tuliandika kwamba angani ni baridi, kwa hiyo vijenzi havichemki. Fundi alituonyesha bati lenye mapezi lililoshikizwa kwenye transista ya kikuza sauti, akasema: "Bwana, bati hili hupozwa na hewa. Huko hakuna hewa. Joto litakwenda wapi?" Rasimu ilibidi iandikwe upya. Twaeleza hapa istilahi tatu zilizotokana na swali lake.

(a) Ombwe. Ni mahali pasipo hewa, au palipo na chembe chache mno za hewa. Neno "utupu" halitoshi, kwani lina maana nyingine nyingi, pamoja na ile ya uchi.

(b) Myuko. Joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, yaani kwa vitu kugusana, myuko, yaani kwa mwendo wa hewa au maji, na mnururisho, kama joto la jua litufikiavyo. Katika ombwe myuko haupo. Kwa hiyo kijenzi hufungwa barabara kwenye fremu ya chuma ili joto lipite kwa mpitisho hadi ubavu wa chombo, kisha litoke kwa mnururisho. Kisipofungwa hivyo chaweza kuungua, ingawa anga imekizunguka kwa baridi.

(c) Ufukaji. Katika ombwe, plastiki na gundi hutoa gesi zilizomo ndani yake, nazo huganda juu ya lenzi za kamera na kuzitia ukungu. "Kuvuja" hakufai, kwa kuwa hapana tundu. Twapendekeza "ufukaji", kama chungu kifukavyo mvuke. Kwa kipimo cha kawaida, sampuli hupashwa joto la nyuzi 125 za Selsiasi katika ombwe kwa saa 24; isipoteze zaidi ya asilimia 1 ya tungamo lake, wala gesi zinazoganda zisizidi asilimia 0.1.

Istilahi isiyo sahihi huzaa fikra isiyo sahihi. Mafundi na walimu wa fizikia wanaombwa watuletee maoni yao kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.